Adimu Kuliko Faru: Magari ya Spoti ya Uingereza Mbele ya Vumbi la Ukambani

Mtito Andei ni karibu nusu ya njia kati ya Nairobi na Mombasa. Jina ni la Kikamba, na maana yake ni msitu wa tumbusi. Waliolitunga waliwafikiria ndege, lakini ukikumbuka magari yaliyofia kwenye barabara ile tangu ilipokuwa ya vumbi, huoni jina jingine ambalo lingefaa.

Nimekuwa nikikusanya rekodi za magari ya spoti ya Uingereza ya zamani, yale ya viti viwili, boneti ndefu na paa la turubai: MG, Triumph, Jaguar, Austin-Healey, Aston Martin. Kwa kawaida rekodi hizo huandikwa na watu wanaoishi karibu na kumbi za mnada. Hizi nimezipanga nikiwa nimegeuza kiti kikatazama Kitui na Makueni, na orodha imepinduka. Wengi waliokuwa wa kwanza kule, huku hawakumaliza njia.

Rekodi inayouma: sufuri

Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Chanzo chake ni Eric Cecil, mtu aliyeona hakuna kinachochosha kama kuzunguka na gari kwenye kiwanja kilekile. Alitaka watu wafunge milango, wakate nusu ya Afrika, kisha warudi. (Neno letu la Kiswahili likabandikwa kwenye kombe la dunia bila sisi kuombwa ruhusa, lakini hilo tuliache.) Ramani ilibadilika mwaka hadi mwaka, ila Ukambani hukuweza kuukwepa kirahisi. Ukishuka kwenda pwani, utapita Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi. Na aliyetaka kuwatesa madereva zaidi aliwatoa barabara kuu, akawaingiza kwenye vichaka.

Katika miaka 25 ya mwanzo, 1953 hadi 1977, gari la Uingereza lilipata ushindi wa jumla mara nne. Mwaka 1955 ni Vic Preston na D. P. Marwaha kwa Ford Zephyr. Mwaka 1964 ni Peter Hughes na Billy Young kwa Ford Cortina GT. Mwaka 1972 Hannu Mikkola na Gunnar Palm walikuja na Ford Escort RS1600, na Mikkola akawa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuwashinda wenyeji. Mwaka 1977 Björn Waldegård na Hans Thorszelius walishinda kwa Escort RS1800. Zote nne ni Ford, zote zina paa la bati na kiti cha nyuma cha kukalia watoto. MG: sufuri. Triumph: sufuri. Jaguar, Austin-Healey, Lotus: sufuri, sufuri, sufuri.

Sababu unaweza kuipima kwa shubiri. MGB, gari lililotengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, tumbo lake liko kama sentimita 13 tu juu ya ardhi. Sasa lipeleke kwenye mto wa mchanga. Mito mingi ya Kitui na Makueni haina maji ya kuonekana kwa miezi mingi ya mwaka. Maji yamejificha chini ya mchanga, na akina mama huyafukua kwa kata. Mvua ikinyesha milimani, mto uliokuwa mkavu asubuhi unashuka jioni na miti mizima. Gari fupi likiingia kwenye drifti baada ya mafuriko, ekzosi ndiyo ya kwanza kuondoka, kisha jiwe linatafuta sampu ya oili. Na Safari, baada ya miaka ya mwanzo, ilihamishiwa Pasaka, masika yenyewe, ili mtu asije akasema alibahatika na hali ya hewa.

Walionusurika wachache kuliko wote

Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yakaondoka 93, yakafika 7 tena. Mara zote mbili aliyetangulia ni Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff ndani ya Peugeot 404, gari la baba mwenye familia, lenye springi laini na tumbo la juu. Mtu akitaka kujua kwa nini Peugeot ilikuja kuwa gari la abiria la nchi nzima, aanzie hapo.

Rekodi ya kunusurika ya mtu mmoja ninaipa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeitwa Simba wa Kenya. Alianza Safari mara 22, akamaliza mara 19. Hesabu hiyo ninaithamini kuliko ushindi wake wa mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Ule wa kwanza aliupata akiwa na nduguye Jaswant kwenye Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na wengine. Mtumba, kwa lugha ya leo. Alikuwa fundi kabla ya kuwa shujaa, na hilo lilionekana katika namna alivyoendesha: alilisikiliza gari. Msafiri anayesimama leo Makindu kula chakula cha bure kwenye hekalu la Masingasinga, lililojengwa 1926, amekaa katikati ya historia hiyohiyo ya mafundi waliokuja na reli.

Kulikuwa na mwingine aliyekataa kuzeeka. Waldegård aliyeshinda 1977 kwa Escort alirudi 2007, akashinda mashindano ya magari ya zamani ya East African Safari Classic, kwa Escort RS1800 vilevile. Miaka 30 kati ya ushindi na ushindi, aina moja ya gari, vumbi lilelile. Katikati, mwaka 1990, alikuwa ameshinda Safari akiwa na miaka 46, akawa mtu mzima kuliko wote kuwahi kushinda raundi ya ubingwa wa dunia. Rekodi hiyo ilidumu hadi 2022, Sébastien Loeb alipoivunja Monte Carlo.

Gari linaloongezeka baada ya kufa

Kuna magari adimu, halafu kuna RS1800. Idadi inayotajwa mara nyingi ya zile zilizotoka kiwandani ni 109. Lakini nenda popote penye mashindano ya magari ya zamani utaziona Escort za sura hiyo zimejipanga kama matatu stendi. Bodi ya Escort ya kawaida inachukuliwa, inawekwa injini, inapanuliwa matao ya magurudumu, inapakwa rangi, na RS inazaliwa. Ni kiumbe cha pekee ambacho idadi yake hupanda jinsi miaka inavyokwenda. Sina ugomvi na wanaozijenga. Gari la kukimbiza kwenye mawe ni afadhali liwe la kujengwa; lile la asili likipinduka, haliji jingine.

Makueni inaujua uadimu kwa njia nyingine. Kati ya 1944 na 1946 mwindaji J. A. Hunter alitumwa na serikali ya kikoloni kusafisha vichaka vya Makueni ili wakulima wapate ardhi. Aliua faru 996. Ndiye mtu ambaye jina lake lilibaki kwenye Hunter's Lodge ya Kiboko, pale kando ya barabara ya Mombasa. Faru aliyekuwa wa kawaida kama mbuzi akawa wa kusimuliwa ndani ya miaka miwili na ushee, na leo wachache waliosalia kwenye Milima ya Chyulu wanalindwa na askari wenye bunduki.

Ninamtaja faru kwa sababu watu hudhani kitu adimu ni kile kilichotengenezwa kidogo. MGB zilitoka kiwandani zaidi ya nusu milioni. Ni gari la spoti la Kiingereza la kawaida kuliko karibu yote. Uingereza unaweza kununua bodi yake mpya kabisa, tupu, ikiwa imeungwa na kiwanda. Lakini simama mjini Wote, huko Makueni, kutwa nzima, uhesabu probox, bodaboda, malori ya mchanga na matrekta, halafu uniambie MGB umeziona ngapi. Kwa mtu wa Wote, gari la nusu milioni na gari lililotengenezwa sita tu duniani yana uadimu mmoja.

Moto wa usiku mmoja

Tarehe 12 Februari 1957 kiwanda cha Jaguar cha Browns Lane, Coventry, kiliungua. Kampuni ilikuwa imekusudia magari 25 ya XKSS, ambayo kwa ufupi ni gari la mashindano la D-Type lililovikwa kioo na bampa ili liruhusiwe barabarani. Tisa yaliteketea. Yakabaki 16, na moja likanunuliwa na mwigizaji Steve McQueen. Miaka 60 hivi baadaye Jaguar ikatengeneza upya yale tisa, kama mzazi anayezaa mtoto ili apate wa kumpa jina la marehemu. Ilikuwa imekwishafanya hivyo na E-Type nyepesi: zilipangwa 18, zikatengenezwa 12 miaka ya 1960, sita zilizobaki zikaletwa duniani kuanzia 2014.

Tano na tano

Bei kubwa kuliko zote iliyowahi kulipwa mnadani kwa gari la Uingereza la enzi hizo ni ya Aston Martin DBR1 ya kwanza, iliyouzwa California Agosti 2017 kwa zaidi ya dola milioni 22.5. Zilitengenezwa DBR1 tano tu.

Sasa rudi Kenya. Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari, hata kama halitakuwa zuri. Likaitwa Nyayo Pioneer, likazinduliwa 1990, lilifika kilomita 120 kwa saa. Yalitengenezwa matano. Idadi ileile, tano na tano. Uingereza iliziweka zake zikawa mali ya mabilioni ya shilingi. Sisi zetu tulizifanya mzaha wa baa. Sisemi Pioneer ni sawa na gari lililoshinda Le Mans 1959. Ninasema hesabu ya uadimu ni moja, na kilichotofautiana ni nani aliyeamua kulifunika gari kwa turubai na nani aliyegeuka akaenda zake.

Ndugu wawili wa mwaka mmoja

Kama ningelazimishwa kutoa kikombe kimoja tu, ningekitoa hapa.

Baada ya Vita vya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma cha bati na ziada ya alumini iliyokusudiwa ndege za vita. Mwezi Aprili 1948, kwenye maonyesho ya Amsterdam, Rover ilionyesha gari la shamba lenye bodi ya alumini, Land Rover. Oktoba mwaka huohuo, London, Jaguar ikaonyesha XK120, nayo ikiwa na bodi ya alumini. Takriban 240 za kwanza zilitengenezwa hivyo kabla ya kiwanda kuhamia chuma. Namba 120 ilikuwa ahadi ya maili 120 kwa saa, na mwaka 1949 kwenye barabara ya Jabbeke, Ubelgiji, gari lilipita ahadi hiyo na kufika zaidi ya maili 132, yaani kilomita 213 hivi.

Mama mmoja, mwaka mmoja, ngozi moja. Mmoja akaenda Hollywood, mwingine akatumwa Kitui na bwana shauri. Yule wa Kitui hakuwahi kuvunja rekodi ya kasi, isipokuwa pengine ya uzembe wa kupanda mlima. Lakini alumini haishiki kutu, springi za pasi zinaelewa mchanga, na mlango ukivunjika unaweka wa mbao. Utengenezaji ulipokoma Januari 2016, Land Rover za ukoo huo zilikuwa zimezidi milioni mbili. Kiwanda cha Thika, kilichoanza 1974 kwa jina la Leyland Kenya, kiliunganisha Land Rover na malori. Gari la spoti halikuwa katika mpango wake, na sioni ni nani angelaumiwa.

Kitu kidogo kilichoua magari makubwa

Adui mkubwa wa magari haya, kwa maoni yangu, ni spana namba 13.

Fundi wa leo wa Emali au Kitui mjini amejifunza kazi kwenye Toyota na Nissan, na boksi lake ni la milimita. Bolti nyingi za MGB au Triumph ni za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Namba 13 inaingia, inaonekana imekaa, fundi anavuta, kichwa cha bolti kinaliwa mbavu. Anachukua patasi na nyundo. Baada ya hapo unachotengeneza ni kilio. Magari ya zamani zaidi ya hayo yana balaa zaidi, kwa kuwa yana vipimo vya Whitworth ambavyo si milimita wala inchi za kawaida.

Halafu kuna umeme. Hadi 1967 MGB ilifungwa betri kinyume: upande wa chanya ndio uliokwenda kwenye bodi. Fundi asiyeambiwa ataunga hasi kama alivyozoea, na moshi utamjulisha kosa. Waingereza wenyewe waliitania kampuni ya Lucas, iliyowatengenezea taa na waya, kwamba ni mkuu wa giza. Kabureta za SU nazo zinataka matone ya oili juu ya pistoni na sikio la mtu mvumilivu. Wazee waliokuwa na sikio hilo wapo bado katika gereji za Nairobi, ila kila mwaka wanapungua, na ufundi wao haukuandikwa popote. Spea za chuma unaweza kuziagiza, sikio huliagizi.

Upande wa pili, Ukambani una kitu ambacho Uingereza ingekilipia: ukavu. MG ya Birmingham huliwa kutoka chini na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Gari la Mombasa huliwa na upepo wa bahari. Gari lililolala kwenye banda la Makueni, mahali ambapo mvua ikikosa msimu mmoja ni habari ya kawaida, chuma chake kinaweza kubaki kizima miongo mingi. Jua litaua mipira, litapasua dashibodi, litageuza viti kuwa maganda. Vyote hivyo vinanunulika. Balaa ni kama umebahatika na gari la fremu ya mbao. MG TC, ambayo zilitengenezwa zipatazo 10,000 kati ya 1945 na 1949, bodi yake imejengwa juu ya mbao, Morgan vilevile. Mchwa wa Kibwezi hasomi katalogi ya mnada.

Yalikwenda wapi

Hayakwenda mbali. Tazama jembe na panga kwenye soko la vijijini, lile lililofuliwa na mhunzi wa jua kali: mara nyingi chuma chake ni pasi ya springi ya gari. Tazama mkokoteni wa punda unaopandisha mitungi ya maji kutoka mto wa mchanga: ekseli na magurudumu yake ni ya gari lililokufa. Huwezi kujua ni ya gari gani, na ninafurahia kutojua. Inawezekana kabisa punda fulani wa Mwingi anavuta kilichobaki cha Coventry.

Kilichobaki kilikwenda kwa mnunuzi wa chuma kuukuu na mizani yake. Biashara hiyo ilipigwa marufuku na Rais Uhuru Kenyatta Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuanguka na nchi kuingia gizani, ikafunguliwa tena Mei. Miezi michache hiyo huenda iliokoa magari kuliko vilabu vyote vya wapenda magari. Na yaliyokwenda hayarudi kirahisi, kwa kuwa kanuni yetu kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Yaliyoko ndiyo yaliyoko. Machache utayaona yameng'arishwa kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance, Ngong Racecourse, Nairobi, ambayo yamekuwapo tangu 1970.

Kichekesho cha mwisho ni barabara. Kibwezi hadi Mutomo hadi Kitui, njia iliyokuwa vumbi na mawe, leo ni lami. Kwa mara ya kwanza tangu Eric Cecil apate wazo lake, gari lenye tumbo la sentimita 13 linaweza kuvuka Athi, kupita Ikutha na kufika Kitui ekzosi ikiwa mahali pake.

Kwa hiyo, msomaji wa Mbooni, wa Mutito, wa Ikutha: kama nyuma ya ghala la babu kuna gari fupi limefunikwa na matete na kuku wanatagia ndani, usiliwashe, usilioshe, usilivute kwa trekta. Tafuta kitabu chake cha usajili kwenye sanduku la bibi. Kisha fungua boneti, futa vumbi kwa kitambaa kikavu, usome kibati cha namba ya chasi. Ikianza na GHN3, ni MGB ya mwanzo ya paa la turubai; mtafute fundi mwenye spana za inchi. Ikianza na 660, ni Jaguar XK120 ya wazi ya usukani wa kulia, na ikiwa haizidi 660058, ni ya alumini. Hapo mnunuzi wa chuma asiitwe. Niite mimi.